Morris ya babu na kibamba kilichobaki neno ZANZIBAR: nani aliiuza, na duka limekuwa nini?

Swali: Assalaam alaykum. Marehemu babu ametuachia Morris Minor ya milango miwili, imelala bandani Kikwajuni zaidi ya miaka thelathini. Kioo chake cha mbele ni kipande kimoja, hakikugawika kati. Rangi ni nyeupe, lakini wazee wanasema haikuwa hivyo. Ndani ya boneti kuna bamba la kiwanda, namba yake inaanza na FBE 21. Chini ya dashibodi kuna kibamba kingine kidogo cha alumini kilicholika. Linalosomeka ni neno ZANZIBAR tu. Nataka kujua duka lililoiuza lilikuwa wapi na leo limekuwa nini. Halafu kuna fundi anataka kuja na betri aiwashe. Nimruhusu?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu babu yenu.

Nianze na la mwisho, maana ndilo lenye haraka: fundi asubiri. Hana nia mbaya, lakini Morris ya umri huo ina mambo mawili yanayomponza mtu aliyezoea Toyota. La kwanza ni umeme. Gari za leo hufungwa waya hasi wa betri kwenye bodi. Minor ya miaka ya 1950 hufungwa chanya. Mkono wa fundi utakwenda wenyewe kwenye hasi. Akifunga hivyo, boksi linalodhibiti chaji, la Lucas (kampuni ya Kiingereza iliyounda vifaa vya umeme vya gari hizo), linaweza kuungua ncha zake, koili itatoa cheche dhaifu, na kama kuna redio ya zamani, ndiyo imekwisha. Njia ya kujua bila kubahatisha ni kutazama klampu mbili za nyaya za betri. Nguzo chanya ya betri ni nene kidogo kuliko hasi, kwa hiyo klampu yenye tundu kubwa ndiyo ya chanya. Ukiikuta hiyo ndiyo inayoshuka kwenye bodi, basi hakuna aliyewahi kuugeuza umeme wa gari hiyo, na betri mpya ifungwe vivyo hivyo.

La pili ni injini. Miaka thelathini ya hewa ya chumvi hugandisha ringi za pistoni kwenye silinda. Stata ikiivuta kwa nguvu, ama ringi inavunjika ama meno ya gurudumu la injini yanakatika. Fungueni plagi zote nne, mimineni katika kila silinda kiasi cha mililita 15 za oili ya injini iliyochanganywa nusu kwa nusu na dizeli, iacheni siku mbili au tatu, kisha ongezeni kidogo. Baada ya hapo tieni gia ya nne, plagi zikiwa bado zimetolewa, mkaitikise gari mbele na nyuma taratibu kwa mikono. Ikikataa, msilazimishe, rudieni mafuta. Ikizunguka, mwageni oili ya zamani kabla ya jambo jingine lolote, kwani chini yake huwa pamekaa maji. Oili mpya ni lita 3.7 hivi pamoja na filta. Petroli iliyomo kwenye tangi isitumike hata tone. Imeshakuwa gundi, na ikifika kwenye kabureta itaziba kila kitundu.

Hata ikiwaka, isitoke bandani. Silinda kuu ya breki ya Minor imefichwa chini ya sakafu ya dereva, na mipira yake ikishakauka huwezi kuiona mpaka siku unakanyaga breki ukakuta hakuna kitu. Ubaya mwingine uko kwenye miguu ya mbele: kiungo cha chini chenye uzi wa skrubu kinachobeba gurudumu kilitakiwa kutiwa grisi kila maili 1,000. Kikikosa, uzi hulika, na siku moja gurudumu hulala chini gari ikiwa inakwenda. Huo ndio ugonjwa unaojulikana sana wa Minor.

Nimeyatanguliza hayo pia kwa sababu ya swali lako kubwa. Fundi akishaanza kubadilisha vitu, ushahidi unaondoka na vyuma. Kabla hajashika spana, piga picha ya dinamo, stata, distributa, mota ya waipa na boksi la chaji. Vifaa vya Lucas hugongwa namba ya kifaa, na karibu yake mwezi na mwaka, kwa mfano 5 57, yaani Mei 1957. Tarehe hizo zinatakiwa kutangulia siku gari ilipoundwa kwa wiki au miezi kadhaa. Vifaa vitatu vikikubaliana na cha nne kikawa cha miaka sita mbele, umejua kipi kilibadilishwa na takriban lini.

Sasa bamba la kiwanda. FBE 21 si namba ya kupita tu, inasema mengi. F ni Minor. B ni bodi ya milango miwili. E ni rangi ya kijani, kwa hiyo wazee wako wamesema kweli. Inua mpira wa buti au tazama nyuma ya kiti cha nyuma, mahali ambapo mpiga rangi hakujisumbua kufika, utaikuta kijani yake. Tarakimu ya kwanza, 2, ni gari ya usukani wa kulia iliyoundwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Uingereza. Ingekuwa 1, ingekuwa imeundwa kwa soko la Uingereza kwenyewe, na hapo ningekwambia usihangaike kutafuta duka la Unguja: ingekuwa karibu yakini imeletwa na mtu, pengine ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekuja nayo melini akaiuza alipohama. Ingekuwa 5, ingekuwa imesafirishwa vipande ikaunganishwe nchi nyingine. Tarakimu ya mwisho, 1, ni aina ya rangi iliyopigwa kiwandani.

Mwaka wake haujatajwa, lakini wewe mwenyewe umeutoa. Minor zilikuwa na kioo cha mbele cha vipande viwili mpaka ilipotoka Minor 1000, Oktoba 1956, yenye kioo kimoja na injini ya sentimita za ujazo 948. Na mtindo wa namba kama FBE uliachwa yapata 1958, zikaja namba za aina ya MA2S3. Gari ya babu imo katika dirisha hilo dogo, baina ya mwisho wa 1956 na 1958. Tazama na namba ya injini: ikianza na APJM au 9M ni 948, ikianza na 10M, hiyo ni injini ya 1,098 iliyotoka kuanzia 1962, yaani gari ilitiwa moyo mwingine baadaye. Na kama tarehe za Lucas zitaangukia mwisho wa 1956, basi huenda gari hiyo ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kuja kwetu, kwani Mfereji wa Suez ulifungwa Novemba 1956 mpaka Aprili 1957.

Ukishakuwa na namba kamili, jambo la kwanza la kufanya liko mbali na Unguja. British Motor Museum, huko Gaydon Uingereza, wamehifadhi madaftari ya viwanda vya Morris na ndugu zake, na kwa malipo hutoa cheti chenye siku gari ilipoundwa, siku ilipotoka kiwandani, rangi, namba ya injini, na mara nyingi mahali ilikopelekwa. Wapelekee namba ya chesisi na picha ya bamba, na uwaombe kwa maneno bayana wakuandikie ilikopelekwa na nani aliyepelekewa. Daftari likitaja jina la wakala, nusu ya kazi imekwisha. Likitaja mji tu, bado si haba: neno Mombasa au Dar es Salaam likionekana pale ulipotarajia Zanzibar, utajua kwamba duka la Unguja lilikuwa tawi au wakala mdogo aliyechukua gari kwa mkubwa wake wa bara.

Hapo tunafika kwenye kibamba cha alumini. Usikisugue kwa msasa, chuma cha kuoshea sufuria, wala ndimu. Alumini iliyolika ina ngozi nyembamba mno, na alama unayoitaka imo humo. Kioshe kwa maji na sabuni kidogo kwa brashi laini ya meno, kikauke. Usiku, washa tochi ukiilaza ubavuni, mwanga upite juu ya kibamba kama jua la magharibi. Piga picha kumi na mbili hivi, kila moja tochi ikisogea kidogo. Herufi zisizoonekana mchana hujitokeza kwa kivuli chake. Kisha weka karatasi nyembamba juu yake na upake penseli laini, 2B ikiwezekana. Ribiti zake usizitoe.

Unachotafuta si jina tu. Tafuta namba ya sanduku la posta, namba ya simu ya tarakimu chache, na mpangilio wa miji. Kibamba kikiandika miji mitatu minne kwa mstari, Zanzibar ikiwa ya mwisho, kampuni makao yake yalikuwa kwingine na karatasi zake hazikuwahi kukaa hapa. Kikiandika Zanzibar peke yake, au Zanzibar na Pemba, uko nyumbani. Na kumbuka kuwa kibamba si lazima kiwe cha aliyeuza gari mpya. Gereji nazo ziligonga vibamba vyao, na gari iliyouzwa mara ya pili iliweza kuvikwa cha muuzaji wa pili. Ndiyo maana nakuhimiza cheti cha Gaydon kwanza: kibamba na daftari visipokubaliana, utakuwa umegundua historia mbili badala ya moja.

Sasa lilivyokuwa lenyewe duka. Wengi wanaotafuta maduka ya magari ya Unguja ya zamani hupotea kwa kuwa wanatafuta jengo la vioo lenye gari kumi ndani. Kisiwa kilikuwa na soko dogo. Kilichokuwepo ni uwakala: nyumba ya biashara inaandikiana na kiwanda, inapewa eneo, inaweka gari moja au mbili mbele, na nyingine zinaagizwa mteja akishatoa amana. Meza hiyo hiyo iliweza kuuza bima, tikiti za meli, saruji na mashine za kushonea. Tazama nyumba kubwa zilizojulikana mjini: Smith Mackenzie walikuwa mawakala wa meli za British India, Cowasjee Dinshaw, Waparsi waliotokea Aden, walishika mambo ya meli na bandari, Karimjee Jivanjee walianzia Unguja katika karne ya 19 kwa biashara ya mazao na bidhaa, wakahamishia makao Dar es Salaam katika miaka ya 1940, na huko bara jina lao likaja kufungamana na Toyota. Sikuwataja kwa kusema ndio waliouza Morris ya babu. Nimewataja ili uione sura ya kazi yenyewe: gari ilikuwa bidhaa mojawapo katika orodha ndefu, na katika karatasi za zamani itatokea ndani ya biashara ambayo jina lake halina neno gari.

Kwa hiyo ukienda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, usiombe "mafaili ya maduka ya magari". Omba magazeti na Gazeti Rasmi la Serikali kwa miezi ile ile uliyoipata kwenye cheti, pamoja na miezi sita mbele na nyuma. Katika magazeti, anza na Samachar, lililokuwa likichapwa kwa Kigujarati na Kiingereza, na Zanzibar Voice. Wafanyabiashara walitangaza humo. Tangazo la Morris litakupa jina, mtaa na sanduku la posta. Nakili namba ya sanduku, maana majina ya biashara hubadilika wabia wanapoachana, lakini sanduku hubaki lile lile, na ndilo litakalokuunganishia jina la 1957 na jina la 1962. Gazeti Rasmi nalo soma ilani za kuvunja ubia, za ufilisi na za mirathi. Humo ndimo duka hufa kwa tarehe. Mafaili ya Sekretarieti, yaani ofisi kuu ya serikali ya kikoloni, yale yanayoanza na herufi AB, yatafaa ikiwa serikali ilinunua gari kwa wakala huyo huyo. Siku moja ya magazeti huchosha macho: chukua mwezi mmoja kwa wakati, andika tarehe na ukurasa papo hapo.

Picha nazo zitazame. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga mji kwa miongo mingi. Katika picha ya mtaa usitazame watu waliosimama mbele. Tazama kibao kilicho nyuma ya mabega yao.

Kuhusu jengo, Mji Mkongwe wenyewe unakupunguzia kazi. Gari haiingii Hurumzi wala Kiponda, kwa hiyo duka lililouza gari lilihitaji njia pana: upande wa bandari Malindi ambako gari ziliteremshwa, ukingo wa Darajani na ile barabara ya Creek ambayo leo ni Benjamin Mkapa, Shangani, Vuga, au ng'ambo ya pili kuelekea Mlandege. Pita hapo kwa miguu asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa. Tafuta mlango wa chini ulio mpana kuliko wenziwe, mita mbili na nusu au zaidi, wenye boriti ya chuma juu yake pale ambapo majirani wana tao au boriti za mbao. Kizingiti chake kitakuwa kimelazwa mteremko, na baraza ya mawe itakuwa imekatwa au haipo kabisa, jambo ambalo katika nyumba ya Unguja lina sababu kila mara. Ndani, tazama sakafu: mstatili mrefu wa saruji ya rangi tofauti, upana wa kama sentimita 80, ni shimo la kufanyia kazi chini ya gari lililofukiwa. Alama mbili kati ya hizo hazitoshi. Zikikutana zote, ulizia Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mpango wa uhifadhi wa 1994, ulioandaliwa pamoja na Aga Khan Trust for Culture, uliyatazama majengo moja moja, na jengo lako huenda lina rekodi yake humo.

Limekuwa nini? Wengi hujibu kwa neno moja, Mapinduzi, na jibu hilo ni nusu. Baada ya Januari 1964 majumba mengi yalitaifishwa, wafanyabiashara wengi wa Kihindi na Kiarabu wakaondoka, na uagizaji wa bidhaa ukaingia mikononi mwa serikali. Wakala asiye na kibali cha kuagiza wala fedha za kigeni hana cha kuuza. Lakini pigo la upande wa pili lilitoka Uingereza yenyewe. Morris na Austin ziliunganishwa chini ya kampuni moja mwaka 1952, mwaka 1968 yote yakamezwa na British Leyland, na Minor ikaachwa kuundwa 1971. Hata duka la Unguja lingebaki wazi na mwenyewe yule yule, lisingekuwa na Morris ya kuweka mlangoni. Na kabla ya yote hayo, biashara ilikuwa imeshaanza kuhamia Mombasa na Dar es Salaam, kwenye barabara ndefu na wateja wengi. Kisiwa kinachoishi kwa karafuu hununua gari mwaka wa bei nzuri tu, na sehemu kubwa ya karafuu hizo iko Pemba, kwa hiyo hata mteja mwenyewe alikuwa wa kuvushiwa bahari.

Biashara ilipofunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980, uwakala haukurudi. Zilirudi gari, zile zilizokwisha tumika Japani, nyingi kwa njia ya Dubai, zikauzwa kwenye yadi za nje ya mji wa zamani na kwa mkono. Mji Mkongwe ulipotiwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, vyumba vile vya chini vyenye milango mipana vilikuwa na faida nyingine: vinafaa duka la vinyago, mgahawa, mapokezi ya hoteli. Huko ndiko utakakokuta duka lako, kama halijaanguka. Ukiingia mahali panapouzwa kanga na vikapu, ukaona boriti ya chuma nene isiyo na kazi yoyote ya maana juu ya kichwa chako, simama uitazame. Wakati mwingine jina la kiwanda kilichoisubu bado limo ubavuni mwake.

Kuna na watu. Mwenye duka aliondoka, fundi wake mara nyingi alibaki. Ulizia katika gereji za Mwanakwerekwe na Amani ni nani aliyemfundisha aliyewafundisha wao, mpaka ufike kwa mzee aliyeanza kama kijana wa kupitisha spana. Mpelekee picha ya gari kabla ya picha ya kibamba. Akishaanza kuitaja Minor, atataja mwenyewe wapi ilikuwa ikipelekwa sevisi, na kwa mji mdogo kama wetu, alipofanyia sevisi na alipouziwa huwa ni mlango mmoja au jirani yake.

Na utakapobisha hodi kwenye jengo lenyewe, chunga maneno. Nyumba nyingi za aina hiyo zina kesi, au hofu ya kesi, tangu 1964. Nyingine ni za serikali, nyingine ni za wakfu. Ukiuliza ilikuwa ya nani, utaonekana umetumwa na mrithi, na hutafunguliwa tena. Salimia, onyesha picha ya Morris, uliza hapa chini palikuwa pakiuzwa nini.